Kikombe cha Tui Nilichompa Mdogo Wangu

Krrr, krrr, krrr. Kimya kidogo, mkono ukigeuza kifuu, halafu krrr tena. Ni mlio wa mbuzi ya kukunia nazi, na mpaka leo nikiusikia naweza kukuambia kama anayekuna ana haraka au hana, na kama nazi ndiyo kwanza imeanza au imefikia ile ngozi nyeusi ya mwisho. Hapa Muheza ninapoishi siku hizi mlio huu uko kila nyumba. Ikifika saa nne asubuhi mtaa mzima unakuna. Watu wanakuna huku wanapiga soga, wanakuna huku wanagombeza watoto, wala hakuna anayeusikiliza. Mimi tu ndiye ninayesimama na ndoo mkononi kama mtu aliyeitwa jina.

Nisikufiche, rafiki yangu. Naupenda mlio ule, na unanitisha. Vyote viwili kwa pamoja.

Kwetu, juu ya Lushoto, ulitoka nyumba moja tu. Kijiji chetu kiko mwendo wa saa nzima kwa mguu kutoka mjini kama hujabeba kitu, na sisi tulikuwa tumebeba kitu siku zote: kabichi, karoti, kuni, maji, mtoto. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kuku walitoka bandani wakasimama mlangoni wakifikiria. Bibi alipika makande, viazi, na ugali na maharage aliyoyaunga kwa kitunguu na mafuta kidogo ya alizeti. Nazi haikuwa chakula chetu. Ilikuja Idd ikija, au harusi. Malori yaliyoshusha mboga Tanga yalirudi na nazi chache chini ya turubai, zimekauka, zina manyoya, nasi tuliziita nazi tu, basi.

Dafu sikuwahi kuliona. Nilijua ni tunda la watu wa chini, tena tunda jingine kabisa lenye mti wake, kama vile pichi na tundadamu zilivyo na miti yake. Usicheke. Pale kijijini hata watu wazima walijua hivyo. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mkongeni alisema mti wa dafu ni mfupi na una miiba, na kwa kuwa yeye ndiye aliyefika huko, nani angembishia?

Nyumba iliyokuwa na mbuzi ya nazi ni ya jirani yetu, mwanamke wa Pangani aliyeolewa na fundi mwashi wa kwetu. Aliletwa mlimani akiwa bado bibi harusi na baridi hakuizoea kamwe. Alivaa masweta mawili na kitenge juu yake, akakaa kwenye kibao cha mbuzi yake nje ya banda la jikoni, akakuna huku akilalamika.

"Nyie Wasambaa," alimwambia bibi kutoka ng'ambo ya ua, "mnakula maharage makavu kama changarawe. Tui mnaliogopa."

"Sisi tuna meno," bibi alijibu bila kuinua kichwa kwenye mbegu zake. "Nyie wa pwani mnakunywa tu. Kila kitu mnakunywa."

Nilikaa karibu yake kwa ajili ya mdomo wangu. Kazi yangu ilikuwa kushika bakuli. Alikamua machicha kwenye kifumbu mpaka vidole vikawa vyeupe, akatoa tui la kwanza, zito kama uji, akalifunika kwa sahani kama mtu anayeficha dhahabu. Halafu aliongeza maji ya vuguvugu akakamua tena, likatoka jepesi. Mwisho akanipa kijitui kidogo chenye sukari chini ya kikombe, na mimi nikafumba macho. Alikuwa akizungumza muda wote, habari za kwao, minazi, ndugu zake, namna watoto wa kwao wanavyopewa dafu tumbo likiwasumbua. Nilisikia neno dafu na neno tumbo. Mengine yalipita. Nilikuwa na miaka kumi na kikombe kilikuwa kitamu.

Mwaka huo mama alikuwa Bulwa, amekwenda kuchuma chai. Baba alikuwa Dar kutafuta maisha, na alikuwa bado anayatafuta. Nyumbani tulibaki bibi, mimi, na mdogo wangu wa mwaka mmoja na nusu, mtoto mwenye tabia ya kulala ameshika sikio la mtu. Tangu mama aondoke, sikio lilikuwa langu. Kila nilipojaribu kulitoa alikaza vidole usingizini. Shuleni nilikuwa na sikio moja jekundu, wenzangu wakanicheka, nami sikujali. Nilijiona mama mdogo.

Basi mdogo wangu akaanza kuharisha.

Mwanzo bibi hakushtuka. Siku ya pili akambeba mgongoni tukateremka zahanati. Nesi alikuwa mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, na ilisemekana yeye ni Mbondei wa huko chini. Alimbonyeza tumbo, akamvuta ngozi kidogo akaangalia inavyorudi, akatupa vidonge na pakiti za ile chumvi ya kuchanganya na maji.

"Maji yachemke, yapoe, lita moja pakiti moja," alimwambia bibi. "Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, asipopenda mngoje umpe tena. Hata maji ya dafu yangemfaa, sema huku kwenu nitayatoa wapi."

Hilo la mwisho alilisema huku anacheka, kwa kujisemea tu. Lakini mimi nililibeba mpaka nyumbani.

Siku ya tatu mdogo wangu alianza kuyatema maji ya pakiti. Ukimpa kijiko anafunga midomo, ukimfungua anatema, kisha anakutazama kwa uchungu kama mtu aliyedanganywa. Bibi alimbembeleza mpaka adhuhuri. Mwishowe akachukua simu yake ndogo, akajifunga kitenge.

"Napanda kileleni nikampigie mama yako, huku simu haishiki. Wewe kaa naye. Kijiko, kijiko, usichoke. Usimpe kitu kingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

Nilisikia kweli. Hili ndilo linalonitoa jasho hata leo, kwamba nilisikia. Lakini kichwani mwangu "kitu kingine" kilikuwa viazi, ugali, tundadamu bichi. Dawa aliyoitaja nesi mwenyewe haikuwa kitu kingine.

Jirani alikuwa hayupo. Alikuwa amekwenda Pangani msibani, siku ya nne hiyo, mumewe akiwa kazini Soni, na ufunguo wa ua wake aliuacha kwetu ili mimi niwape kuku pumba. Banda la jikoni halikuwa na kufuli. Ndani, kwenye kikapu, kulikuwa na nazi mbili.

Nilikuambia nilijua dafu ni tunda jingine. Nilijua. Lakini nilijiambia kwamba kama ni kinywaji cha pwani, cheupe, kitamu, kinachotuliza mtu, basi nilishakinywa mwenyewe chini ya kikombe mara nyingi nikatulia. Tunda ni tofauti, kinywaji lazima ni kile kile. Kwa mtoto wa mlimani hiyo ilikuwa akili nyingi sana. Nikamfunga mdogo wangu mgongoni, mwepesi kuliko juzi, nikaingia kwa jirani, nikachukua nazi moja bila kuomba ruhusa ya mtu.

Niliipiga kwa mgongo wa panga kama nilivyomwona akifanya. Ikapasuka vibaya, na maji yaliyokuwamo ndani yakaruka, mengine kwenye gauni langu, mengine chini. Yaliyobaki kwenye kipande cha chini nikayamwaga mwenyewe. Yalikuwa maji tu, hayana rangi, kama ya kusuuzia. Nilidhani ni uchafu wa ndani ya tunda, kama ule utumbo wa boga. Nikakaa kwenye mbuzi nikaanza kukuna. Krrr, krrr. Mdogo wangu mgongoni akanyamaza kusikiliza.

Nilikuna mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Nikakamua lile la kwanza peke yake, sikuongeza maji, maana kwetu chakula cha mgonjwa kinaheshimika kwa uzito wake. Uji wa mgonjwa mzito, mchuzi wa mzazi mzito. Nikatia sukari vijiko vitatu. Likajaa kikombe, jeupe, linanukia vizuri.

Na yeye akanywa. Rafiki yangu, alikunywa kwa mikono miwili. Mtoto aliyekuwa anatema kijiko, alikishika kikombe akakivuta, akanywa mpaka pua ikawa nyeupe, akasema "ee", neno lake la kuomba zaidi. Nikampa kikombe chote, na lililobaki kwenye bakuli nikamwekea kwa ajili ya jioni, uvunguni mwa kitanda. Nilikaa naye mlangoni nikaota ndoto zangu: mama atarudi kutoka Bulwa amkute mnene, nesi ataniita mbele ya watu, nitavaa gauni jeupe na mimi nitakuwa nesi.

Haikupita saa moja.

Kwanza alijikunja. Halafu akatapika, nyeupe, likaruka mpaka kizingitini. Halafu huku chini ikaanza, maji matupu, meupeupe, hayakomi. Nilimbadilisha kitambaa, nikambadilisha tena, nikafika mahali vitambaa vikaisha nikachukua kanga ya bibi. Alilia, kisha akalia bila sauti, kisha akaacha. Macho yake yalikuwa yamezama kwenye kichwa kama yanamtazama mtu aliyeko nyuma yangu. Niliweka sikio langu kwenye mkono wake. Vidole havikushika.

Hapo ndipo nilipoogopa. Si hofu ya kuchapwa, hiyo naijua, ina joto. Hii ilikuwa ya baridi. Nilipomwona bibi anateremka kilimani na simu mkononi, nilitaka kumkimbilia na nilitaka kukimbilia upande mwingine. Nikabaki nimesimama.

Bibi hakuuliza kitu. Alimwangalia mtoto, akaangalia sakafu, akamtwaa. "Beba kanga," alisema. Tukateremka mbio njia ya mkato, katikati ya mashamba ya kabichi, mimi nyuma yake nikikitazama kile kichwa kidogo kikiyumba kitengeni. Kila hatua nilisema moyoni, mwambie. Kila hatua nikasema, tukifika pale kwenye mti ule. Mti ukapita. Tukifika darajani. Daraja likapita.

Zahanatini palikuwa na akina mama kwenye benchi, wamepakata watoto wao. Nesi alipofunua kitenge alibadilika uso. Akanusa kanga, akaiangalia karibu na dirisha.

"Ameanza lini kutoa nyeupe hivi?"

"Leo hii mchana."

"Amekula nini?"

"Hajala. Ni maji yako tu ya pakiti, nesi, wallahi sijampa kingine."

"Maziwa?"

"Hatuna ng'ombe."

"Maji mnachota wapi? Nyumba za jirani kuna mwingine anayeharisha?"

Bibi alijibu yote, sauti yake ikizidi kupungua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nesi alinitazama mara moja, nikasema, "Shikamoo, nesi." Akasema marahaba, akarudi kwa mtoto.

Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja kwenye benchi akamwambia mwenzake, "Umesikia? Maji meupe."

"Kama ya mchele uliooshwa."

"Usilitaje jina lake."

"Nani kalitaja? Mimi nimesimama tu." Na kweli alikuwa amesimama. Akamtia mwanawe mgongoni akaondoka bila hata kuchukua kadi yake. Wa pili akamfuata. Benchi likabaki na bibi kizee mmoja asiyesikia vizuri, akiuliza wenzake wamekwenda wapi.

Hata mtoto wa miaka kumi analijua jina la ugonjwa ule. Mwalimu alitufundisha tuoshe mikono kwa sababu yake. Nilijua ukiingia kijijini watu hutengwa, chemchemi hufungwa, na wagonjwa hupelekwa mahali ambapo bibi zao hawaruhusiwi kuingia.

Nesi alimwekea mdogo wangu dripu, akahangaika kuupata mshipa kwenye ule mkono mdogo, akaupata kichwani. Akamnong'oneza bibi kwamba lazima apige simu hospitali kubwa walete gari, kwamba mtoto atakaa peke yake kwanza mpaka wajue. Bibi alikaa chini sakafuni pale pale. Sikuwahi kumwona bibi amekaa sakafuni kwa watu.

Nesi akatoka nyuma ya jengo na simu yake, akaiinua juu kutafuta mawasiliano. Mimi nikamfuata. Miguu ilinipeleka, mimi mwenyewe nilikuwa bado nyuma ya mlango.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Si umeshanisalimia?"

"Ndiyo," nikasema. "Shikamoo."

Akashusha simu. Alinitazama kwa muda, gauni langu, kiganja changu. "Una nini mkononi?"

"Lengelenge."

"La nini?"

"La mbuzi. Nilikuna nazi. Nilimpa yeye. Nilimpa kikombe kizima, nesi, na sukari. Uliposema dafu. Bibi hajui." Yakatoka yote kama yalivyotoka ya mdogo wangu, bila kukoma.

Hakunipiga. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. "Sikiliza. Usilie kwanza, utalia baadaye. Ulimpa maji yaliyokuwa ndani ya nazi, au ulikuna ukakamua?"

"Nilikamua. Yale maji nilimwaga."

"Ukatia maji mengine kulikamua?"

"Hapana. La kwanza."

"Saa ngapi?"

"Bibi alipokwenda kupiga simu. Baada ya adhuhuri."

Akafumba macho, akapumua. "Kumbe ni tui. Lile zito." Alisema kama mtu aliyetua mzigo, kisha akasimama haraka. "Mwanangu, tui ni mafuta. Tumbo lililochoka haliwezi mafuta, tena na sukari yote hiyo, limezidi kutoa maji. Nilikuwa nafikiria jambo jingine kabisa."

"Atakufa?"

"Bora umesema," alijibu tu, akaingia ndani. Hakuniambia hapana. Nilibaki nimeshika ukuta.

Gari halikuitwa siku ile. Nesi alisema ataangalia kwanza maji ya dripu yanafanya nini, na kama hali haibadiliki kabla ya magharibi ataita. Saa zile sijui nizielezeje. Nilihesabu matone. Nilijiwekea kwamba nikifika mia bila kupepesa atafungua macho, nikapepesa tisini, nikaanza upya. Bibi alisoma dua chini chini, akichanganya na Kishambaa, akimbembeleza Mungu kama anavyobembelezwa mkwe. Nikawa na ndoto mbaya nikiwa macho: mama anashuka kwenye gari na kanga mpya ya mtoto mkononi.

Kabla ya magharibi alikojoa. Nesi alicheka peke yake, akashika ile kanga iliyolowa kama mtu aliyeletewa zawadi. "Huyu anarudi," alisema. Baadaye mdogo wangu akalia, na safari hii machozi yakatoka.

Tulilala pale siku mbili. Siku ya kuondoka nesi aliandika kwenye kadi, mstari mrefu, akanikabidhi mimi, si bibi. "Bibi yako hasomi," aliniambia pembeni. "Atakuomba umsomee. Mimi nimeandika kama ilivyokuwa. Wewe utasoma unavyotaka."

Na kweli, tulipofika nyumbani, moto umewashwa, mtoto amelala, bibi akasema, "Haya, nisomee, nesi kaandika nini."

Nilifungua kadi. Nilijua kusoma vizuri, mwalimu alikuwa akinisimamisha mbele. Ningeweza kusoma "apewe uji mwepesi" nikaishia hapo, maana hata hilo lilikuwepo. Nikasoma: "Mtoto alizidiwa baada ya kunyweshwa tui zito la nazi lenye sukari. Alipewa na dada yake kwa nia ya kumsaidia."

Kuni zikalia. Bibi aliupanga moto ambao ulikuwa umeshapangika.

"Ulimpa lile la kwanza?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa sababu ni zito."

"Ndiyo."

Alinivuta kwa mkono ule wenye lengelenge, akautazama kwenye mwanga wa moto. "Na mimi ningempa hilo hilo," alisema. "Ningeongeza na siagi." Kisha akalia, bibi yangu, kimya kimya, na mimi nikalia kile kilio cha baadaye alichoniahidi nesi.

Wiki ile ile jirani akarudi kutoka Pangani, amevimba macho kwa msiba na ana gunia. Alichukua ufunguo akaingia kwake, na mara akarudi kupiga hodi, nazi moja mkononi. "Nazi zangu zilikuwa mbili," alisema mlangoni, "na ua wangu unanuka tui kama kuna harusi." Nikamwambia mwenyewe. Alitaka kucheka, akaona uso wa bibi, akaacha. Akafungua gunia. Ndani mlikuwa na madafu manne, ya kijani, makubwa, laini kama yamepakwa mafuta. Mimi nikauliza mti wake una miiba kiasi gani.

"Miiba?" Akakaa chini kwenye kizingiti. "Ee Mola wangu. Njooni hapa wote, na wewe bibi njoo, leo shule."

Akaweka dafu upande huu na ile nazi yake iliyobaki upande ule. "Huyu ni huyu," alisema. "Mti mmoja, tunda moja. Likiwa changa hivi ni dafu, ndani ni maji matupu, matamu. Ukiliacha mtini linakuwa koroma, si dafu wala si nazi. Likikomaa maji yanapungua, nyama inakuwa ngumu, ndiyo nazi. Ni umri tu. Kama wewe na bibi yako."

"Yaani mimi nimekomaa?" bibi akauliza.

"Wewe umekauka kabisa, utoe tui." Bibi akampiga na kitambaa. "Sasa wewe binti, yale maji uliyoyamwaga, ya ndani ya nazi, ndiyo yaliyokuwa ndugu wa dafu. Ukaacha ndugu ukashika mafuta. Tui halimo ndani ya nazi, tui unalitengeneza wewe, kwa kukuna na kukamua. La kwanza ni la kumalizia mchuzi, la pili la kupikia. La kumpa mtoto anayeharisha halipo."

"Na lile tembo la kulewa?" bibi akauliza tena, maana alitaka kujua yote. "Na lenyewe ni jeupe. Linatoka kwenye tunda lililooza?"

"Hilo halijui tunda. Mgema anapanda juu anakata kole la maua, linadondoka kwenye kibuyu. Asubuhi tamu, jioni unamtukana mkweo. Hilo usiniulize, mimi mtu wa swala."

Tulicheka, tukiwa na hofu bado chini ya kicheko. Akalifungua dafu moja kwa panga, akamnywesha mdogo wangu kwa kijiko, kidogo kidogo, huku mimi nikitazama kila kijiko kinavyoshuka. Akanywa vijiko sita, akashika sikio langu, akalala.

Siku hizi madafu yanapanda mlima kwa pikipiki, yanauzwa stendi ya Lushoto na mrija juu yake. Tui liko dukani ndani ya boksi. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua mnazi, wanauona kwenye simu. Ule ujinga wetu umekwisha, na sijui kwa nini wakati mwingine naukosa, ujinga wa watu waliokaa mawinguni wakibishana juu ya mti wasiouona. Jirani alirudi kwao mumewe alipofariki, na banda lake la jikoni limeota magugu. Nesi alihamishwa, sikujua wapi. Bibi tulimzika mwaka juzi kwenye ukungu wa asubuhi. Mdogo wangu sasa ananipita kwa kichwa, ana sauti nzito, na akija Muheza anakunywa chochote kilicho mezani bila kuuliza ni nini. Mimi ndiye ninayeuliza.

Siku ile jirani aliyagawa madafu yale manne hivi: mawili ya mgonjwa, moja la bibi, moja langu. Nililipakata langu mapajani. Lilikuwa la baridi na zito, ukilitikisa unasikia maji yanagonga ndani, na sikuwa nimewahi kuonja. Bibi na jirani walikuwa wamezama kwenye habari za msiba. Nikainuka, nikashuka ile njia ya mkato katikati ya kabichi, taratibu safari hii, nimelikumbatia kwa mikono miwili. Nyumba ya nesi ilikuwa nyuma ya zahanati, mlango umefungwa, viatu vyake viko nje, alikuwa amelala. Sikubisha hodi. Nililisimamisha dafu kizingitini, nikaliwekea jiwe dogo kila upande lisije likabingirika mteremkoni, nikapanda nyumbani.